Testosteroni kushuka ukiwa bado kijana: hatua za kufuata kabla hujanunua dawa yoyote Dar

Kijana wa miaka ishirini na kitu anayeishi Dar akianza kuona mwili umepoa, hamu ya tendo imekwisha na asubuhi jogoo hawiki, ushauri utamfikia hata kabla hajauomba. Nguzo za umeme kuanzia Mbagala hadi Tegeta zimebandikwa vibao vya nguvu za kiume. Muuza supu ya pweza ana maneno yake, jamaa wa jimu ana chupa yake ya sindano, na kwenye simu yupo "dokta" asiye na jina wala cheti anayetuma dozi kwa bodaboda. Anayekosekana ni mtu wa kumwambia akapime damu, aipime saa ngapi, na majibu ayasome vipi.

Mimi kazi yangu ni maabara. Ninaandika kwa wanaume wa kati ya miaka 18 na 40, na zaidi kwa yule ambaye bado anataka kupata watoto. Dawa ambayo kijana huyo huikimbilia kwanza, yaani sindano ya testosteroni, ndiyo hiyohiyo inayoweza kumfungia uzazi. Kwa hiyo mpangilio wa hatua zilizo hapa chini una maana yake. Usiruke ukaanzia ya mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu homoni yenyewe

Testosteroni ya mwanaume hutengenezwa kwenye korodani, lakini amri hutoka kichwani. Ubongo huiamsha tezi ndogo iliyo chini yake, pituitari, nayo hutoa homoni mbili ambazo kwenye karatasi za maabara huandikwa LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni. FSH, ikisaidiana na testosteroni iliyojaa ndani ya korodani zenyewe, husimamia utengenezaji wa mbegu. Testosteroni ikizidi kwenye damu, kichwa hupunguza amri, ikipungua, huongeza. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye sindano.

Homoni hii inahusika na ndevu, sauti, misuli, uimara wa mifupa, wingi wa damu na hamu ya tendo la ndoa. Kusimama kwa uume kunahitaji vingine pia: mishipa ya damu iliyo wazi, neva nzima, na akili iliyotulia. Ndiyo maana kijana anayeshindwa akiwa na mwenza wake, huku asubuhi anaamka uume umesimama vizuri, mara nyingi akipimwa homoni zake hukutwa ziko sawa. Tatizo lake ni la kweli na linatibika, ila liko kwenye hofu, uchovu, madeni au ugomvi wa nyumbani. Akichomwa testosteroni hatapona, maana hakupungukiwa nayo.

Na punyeto? Wauza dawa wa mitandaoni wametajirika kwa kuwatisha vijana kwamba punyeto "imemaliza homoni". Haimalizi. Hakuna ushahidi kwamba kupiga punyeto kunashusha testosteroni kwa kudumu. Dini yako inaweza kuwa na la kusema juu ya jambo hilo, na ni haki yako kuifuata, lakini mtu asitumie aibu yako kukuuzia unga.

Hatua ya kwanza: andika dalili zako

Chukua simu au daftari uandike nini kimebadilika na tangu lini. Dalili zenye uzito ni hamu iliyoshuka kwa miezi mfululizo, uume kuacha kusimama asubuhi, kunyoa ndevu mara chache kuliko zamani, matiti kuvimba au kuuma, korodani kusinyaa, mfupa kuvunjika kwa pigo dogo, na kutafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio. Uchovu, hasira, usingizi wa mchana na kukosa umakini viandike pia, ila usivitegemee peke yake. Upungufu wa damu huleta uchovu uleule, na kisukari, sonona au tezi ya shingo iliyolegea vivyo hivyo. Hata kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa sababu ya kazi kunatosha.

Kisha andika historia, hata ile unayoona haihusiani. Korodani ambayo haikushuka utotoni. Korodani iliyowahi kujisokota au kupigwa mpirani. Matumbwitumbwi uliyougua ukiwa umeshabalehe, hasa kama korodani zilivimba. Selimundu, ambayo nchini kwetu ni ya watu wengi na ambayo huweza kuathiri korodani na hata tezi ya pituitari, hususan kwa aliyeongezewa damu mara nyingi hadi madini ya chuma yakarundikana mwilini. VVU. Tiba ya saratani.

Dawa ziandike zote. Tramadoli, heroini na methadoni hushusha testosteroni kwa kuzima amri ya kichwani. Prednisoloni na deksamethasoni zikitumika muda mrefu zinafanya vivyo hivyo; na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kienyeji, baadhi yake ni deksamethasoni tupu. Haloperido na risperidoni, dawa za magonjwa ya akili, huweza kupandisha homoni ya prolaktini, nayo ikishusha testosteroni. Vidonge vya ketokonazo na spironolaktoni vimo pia. Usiache dawa hata moja kwa sababu umesoma hapa. Anayetumia methadoni akiacha ghafla anarudi kwenye unga, na anayeacha dawa ya akili anaweza kuugua upya. Orodha hiyo ni ya kumpa daktari.

Kuna hali tatu ambazo hazisubiri mwongozo. Korodani ikianza kuuma ghafla kwa maumivu makali, nenda idara ya dharura usiku huohuo: korodani iliyojisokota ina takriban saa sita tu za kuokolewa. Ukipapasa ukakuta uvimbe mgumu kwenye korodani, muone daktari wiki hiyohiyo. Na kama kichwa kinauma sana, unaona mbele tu na pembeni kumefunga giza, au chuchu zinatoa maziwa, huenda kuna uvimbe kwenye pituitari.

Neno moja kwa mzazi au kaka mkubwa. Kijana aliyefika miaka 18 bila sauti kubadilika wala nywele za siri kuota asiambiwe "atakua tu". Akiwa pia hasikii harufu tangu kuzaliwa, daktari atafikiria ugonjwa wa Kallmann, wa kuzaliwa ambapo ubongo hautoi amri ya kubalehe. Akiwa mrefu, mwenye korodani ndogo na ngumu, atafikiria hali ya Klinefelter, ya kuzaliwa na kromosomu ya X iliyozidi, ambayo humpata takriban mwanaume mmoja katika kila 500 hadi 1,000. Wengi wao hugundulika ukubwani wakitafuta mtoto, wakati wangeweza kusaidiwa mapema.

Hatua ya pili: ondoa vinavyodanganya kipimo

Usipime homoni ukiwa mgonjwa. Malaria, dengi, homa ya matumbo, hata upasuaji mdogo, huishusha testosteroni kwa muda, kisha inarudi yenyewe. Pona kabisa, ule vizuri, pitisha wiki chache, ndipo uende. Kama ni Ramadhani na unakatisha usingizi kwa ajili ya daku, subiri baada ya Idi hadi usingizi urudi mahali pake.

Virutubisho vya nywele na kucha vyenye biotini kwa wingi huvuruga mashine nyingi za kupimia homoni na vinaweza kuonyesha testosteroni kubwa kuliko iliyopo, kwa hiyo uliza maabara uviache siku ngapi kabla. Na kama umeshachoma sindano yoyote jimu, sema. Kwetu sisi wa maabara si jambo la kukuhukumu. Bila kulijua, majibu yako hayasomeki.

Hatua ya tatu: siku ya kupima

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Testosteroni hupanda usiku ukiwa umelala na kufika juu kabisa alfajiri, halafu hushuka kadiri siku inavyosonga. Kwa kijana tofauti ya asubuhi na jioni ni kubwa. Ukipima saa tisa alasiri baada ya kazi unaweza kuambiwa iko chini, kumbe asubuhi ilikuwa nzuri kabisa. Damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Uende hujala, maana sukari huishusha kwa saa chache. Chai ya maziwa na chapati mbili za stendi zinatosha kuharibu kipimo. Maji ya kunywa hayana shida. Usiku wa kuamkia siku hiyo lala vya kutosha na usinywe pombe.

Sasa ugumu wa Dar ni foleni. Anayekaa Chanika, Chamazi au Bunju akisema atapimia mjini, ataamka saa tisa usiku, usingizi utakatika, na huenda akafika saa tano. Tafuta maabara au hospitali iliyo karibu na unapolala. Piga simu siku moja kabla uulize mambo matatu: mnapima testosteroni? Mnaanza kutoa damu saa ngapi? Sampuli inapimwa hapohapo au inapelekwa kwingine? Kupelekwa kwingine si kosa, mradi damu itolewe asubuhi na itunzwe inavyotakiwa. Kama una kadi ya bima, uliza palepale kama kipimo hicho kimo, na kama kinahitaji kuandikwa na daktari bingwa. Usigundue hilo dirishani ukiwa na njaa.

Mlinzi, mhudumu wa baa au bodaboda wa usiku, ambaye hulala mchana, kwake "asubuhi" ni pale anapoamka. Mwambie daktari ratiba yako ili damu itolewe muda mfupi baada ya usingizi wako mrefu. Asipoulizwa, kipimo chake cha saa mbili asubuhi kitakuwa ni cha mtu aliyekesha.

Anza na testosteroni ya jumla peke yake. Ikitoka chini, rudia asubuhi nyingine. Usikubali kuanzishiwa tiba kwa karatasi moja, kwa sababu karibu theluthi ya wanaume wanaokutwa chini mara ya kwanza, wakirudia hukutwa kawaida. Ni kwenye kipimo cha pili ndipo daktari huongeza LH, FSH, prolaktini na SHBG, ile protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Kwa pesa hiyohiyo ya safari, omba na wingi wa damu, sukari, figo, ini, tezi ya shingo na VVU.

Wapi? Hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu utaonwa na daktari kabla ya kuchomwa sindano ya damu, na ikihitajika utaandikiwa rufaa kwenda Muhimbili, Upanga au Mloganzila. Hospitali binafsi kubwa nazo zina huduma hiyo. Bingwa unayemtafuta ni wa homoni au wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume. Asipokuwepo, bingwa wa magonjwa ya ndani ataanza naye vizuri.

Aibu nayo ni kikwazo cha kweli. Vijana wengi hufika kwa daktari wakasema "naumwa mgongo" na kuondoka na dawa ya maumivu. Andaa sentensi kabla ya kuingia: "Dokta, tangu mwezi wa tatu sina hamu ya tendo la ndoa na asubuhi uume hausimami. Naogopa homoni. Naomba unichunguze na korodani." Imekwisha. Ukipenda kuonwa na daktari wa kiume, uliza mapokezi kwa adabu. Uchunguzi wa korodani ni wa dakika chache. Baadhi ya mabingwa hulinganisha ukubwa kwa kamba yenye vishanga vya ukubwa tofauti, na korodani ya mtu mzima kwa kawaida huwa mililita 15 hadi 25. Daktari asiyezigusa kabisa halafu akakuandikia testosteroni, tafuta mwingine.

Hatua ya nne: soma majibu

Angalia kipimio kwanza, ndipo uangalie namba. Maabara moja huandika ng/mL, nyingine ng/dL, nyingine nmol/L, na kijana anayelinganisha namba yake na ya rafiki bila kujua hilo hupata presha ya bure. Ng/mL ukizidisha kwa 100 unapata ng/dL. Nmol/L ukizidisha kwa 28.8 unapata ng/dL. Kwa hiyo 2.4 ng/mL, 240 ng/dL na 8.3 nmol/L ni kitu kilekile.

Kwa wanaume wenye afya wa miaka 19 hadi 39 wasio na unene uliopitiliza, kiwango kinachotumika sana ni 264 hadi 916 ng/dL, yaani kuanzia 9.2 nmol/L. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani hutumia mstari wa 300 ng/dL, sawa na 10.4 nmol/L. Maabara yako nayo itakuwa na kiwango chake pembeni ya jibu, nacho kina uzito kwa sababu kinaendana na mashine yake. Ona jinsi kawaida ilivyo pana: mwenye 350 na mwenye 850 wote wako sawa. Muuzaji akikwambia 400 ni ndogo "kwa kijana kama wewe", anauza.

Testosteroni ikiwa chini mara mbili, LH ndiyo inayoonyesha mlango wa kuingilia. LH ikiwa juu, kichwa kinaamuru na korodani haziitikii; shida iko kwenye korodani, na Klinefelter, matumbwitumbwi au jeraha la zamani vitafikiriwa. LH ikiwa chini, au ya kawaida tu wakati testosteroni imeporomoka, amri haitoki. Hapo daktari huangalia dawa unazotumia, unene, madini ya chuma, na prolaktini. Prolaktini ikiwa juu sana, huenda ukaandikiwa picha ya MRI ya kichwa. Uvimbe wa pituitari unaotoa prolaktini mara nyingi hutibika kwa vidonge bila upasuaji, na testosteroni ikapanda yenyewe.

Mwenye kitambi asome kwa uangalifu zaidi. Unene hushusha SHBG, na testosteroni ya jumla ikashuka nayo, hata pale ambapo ile iliyo huru, inayofanya kazi mwilini, iko vizuri. Bila SHBG kwenye karatasi, daktari hawezi kulijua hilo.

Hatua ya tano: shughulikia chanzo

Kwa vijana wengi wa mjini ambao testosteroni imeshuka kidogo, chanzo kiko kwenye tumbo na usingizi. Funga futi ya fundi cherehani kiunoni usawa wa kitovu. Ikizidi sentimita 94, kuna kazi. Mafuta ya tumbo hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni na huvuruga amri ya kichwani. Kupunguza uzito huipandisha, na kadiri unavyopungua zaidi ndivyo inavyopanda zaidi. Sihitaji kukuandikia mlo wa kizungu. Toa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, chipsi ziwe za siku moja moja, ugali upungue na dagaa, maharage na mboga viongezeke. Beba vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki, iwe ni vyuma au ndoo ya mchanga nyumbani, na kushuka kituo kimoja kabla ya kwako si jambo dogo.

Usingizi ni mgumu zaidi, nalisema nikijua maisha ya huku. Mtu anafunga duka Kariakoo usiku, anafika Gongo la Mboto saa tano, na alfajiri anagombania daladala. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana kumi wenye afya kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Huwezi kuhamisha Kariakoo. Unachoweza ni kuweka simu mbali na kitanda, kuacha mechi za usiku wa manane katikati ya wiki, na kulipa deni la usingizi siku ya mapumziko. Ukikoroma sana na mwenzako anakuambia unakata pumzi usingizini, mweleze daktari, kwa maana ugonjwa huo una tiba yake.

Pombe kali ya kila siku hudhuru korodani moja kwa moja. Tramadoli ya kumezea ili ufanye kazi bila kuchoka, kama unaitumia, ndiyo ya kushughulikia kabla ya kitu kingine chochote, na kliniki za waraibu zipo. Muhimbili inatoa methadoni tangu 2011. Mwenye VVU aendelee na ARV kama kawaida.

Supu ya pweza? Kunywa. Pweza ana protini nyingi na mafuta kidogo, na ukiacha chipsi ukamla yeye umefanya vizuri. Hatibu testosteroni iliyoshuka. Zinki humsaidia aliyepungukiwa zinki tu. Ninaloliogopa ni vumbi la Kongo na unga mwingine usio na jina la mtengenezaji. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuta sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, imechanganywa kwa siri kwenye bidhaa zinazoitwa za asili. Mtu akisimamisha kwa siku mbili anaamini homoni imepona, kumbe haijaguswa. Na mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, presha yake inaweza kuporomoka akafa. Kabla ya kumeza, uliza usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa dawa, na wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa mganga. Asiyeweza kukuonyesha, mpe salamu zake uondoke.

Hatua ya sita: kabla ya sindano, jibu swali la watoto

Testosteroni ni dawa halali na nzuri kwa anayeihitaji. Mwenye Klinefelter, aliyepoteza korodani, au ambaye pituitari yake imeharibika, hurudishiwa nayo mwili na heshima yake. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni inapochomwa kwa kijana ambaye hakupimwa, chumba cha nyuma cha jimu, na mtu asiyemuuliza kama ana mtoto.

Rudi kwenye ule mzunguko wa amri. Ukichoma testosteroni kutoka nje, kichwa kinaona damu imejaa na kuzima LH na FSH. Ni kama mkulima anayeletewa unga wa bure kila wiki: jembe analiweka. Korodani hunyamaza, testosteroni ya ndani yake hushuka mno ingawa ya damuni iko juu, na mbegu hukoma. Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu sindano hiyo, miligramu 200 kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na kwa wengi wao mbegu ziliisha kabisa ndani ya miezi sita. Ukiacha, kwa kawaida hurudi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kwa wengine huchukua hadi miaka miwili, na aliyechanganya dawa za jimu kwa muda mrefu anaweza kusubiri zaidi. Wakati huo wote mkwe na mashemeji wanamuangalia mke.

Kwa hiyo kama unataka mtoto sasa au karibuni, mwambie daktari hivyo kabla hajaandika chochote. Pale ambapo shida ni amri ya kichwani, zipo dawa zinazoziamsha korodani zenyewe, kama sindano za hCG au vidonge vya klomifeni, ambazo bingwa anaweza kuzitumia bila kuua mbegu. Na pima mbegu kabla ya tiba yoyote, ujue unaanzia wapi: kaa bila kutoa manii siku mbili hadi saba, na kama sampuli umeitolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili isipoe. Kwa foleni yetu, chumba cha maabara ni salama zaidi.

Ikiwa bingwa ameamua testosteroni ni yako, hakikisha unapangiwa kurudi kupimwa damu. Huongeza chembe nyekundu, na sehemu yake kwenye damu ikipita asilimia 54, dawa husimamishwa kwa sababu ya hatari ya damu kuganda. Usiongeze dozi kwa sababu unajisikia vizuri.

Na wewe uliyeshaanza kuchoma kimyakimya, soma aya hii mara mbili. Ukiacha peke yako, utapita kipindi ambacho ya nje imeisha na ya ndani haijaamka: mwili utalegea, hamu itapotea, na sonona inaweza kukushika hadi uwaze mabaya. Usilibebe peke yako. Mpelekee daktari chupa yenyewe aone jina, akupange namna ya kutoka. Kama mlichangia sindano au chupa, pima VVU na homa ya ini ya B na C.

Hatua ya saba: kaa na mwenzako

Mwanamke ambaye mume wake ameacha kumgusa huwaza kwamba kuna mwingine nje, au kwamba yeye ndiye kaharibika. Mweleze mapema, kabla ya majibu, kwa maneno ya kawaida: "Mke wangu, mwili wangu haupo sawa, naenda kupima." Mkiwa mnatafuta mtoto, nendeni wote wawili kliniki. Haifai yeye amalize vipimo vya mirija na homoni miaka miwili ndipo wewe upimwe mbegu, kipimo ambacho ni rahisi kuliko vyote alivyopitia.

Kurudi kupima

Iwe umeanza dawa au umebadilisha usingizi na chakula, rudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwenye maabara ileile, saa zilezile, bila kula. Weka karatasi zote kwenye faili moja na uandike juu ya kila moja saa uliyotolewa damu, saa ulizolala usiku wake, na mzunguko wa kiuno siku hiyo. Daktari wa kliniki ya rufaa ana wagonjwa wengi na dakika chache. Ukimwekea mezani karatasi mbili zenye maelezo hayo, ataanza kazi palepale badala ya kukuandikia kipimo upya.